Mbwa wa kulea akichoropoka usimkimbize

Hii naandika kwa wale wanaokaa na mbwa wa watu kwa muda. Labda jirani kapata uhamisho kakuachia mbwa mpaka atulie huko alikoenda, au bwana mifugo kakuomba ukae naye wiki chache mpaka apatikane wa kumchukua, au umemkuta mwenyewe barabarani ana kidonda ukashindwa kumpita. Mbwa wa hivi akitoka getini sio sawa na yule uliyemlea toka kidogo. Wa kwako akitoka anazunguka mtaa, ananusa jalala, jioni karudi kudai ugali wake. Huyu wa kulea bado hajajua kwamba kwako ndio kwao, siku ya nne au ya tano hata jina unalomwita kwake ni sauti tu kama sauti nyingine, kwahiyo akitoka anakwenda tu, na kichwani hana mahali pa kurudi.

Mi niko Uyole, Mbeya. Mwaka jana mwezi wa saba nilikuwa na Tomi, dume la miaka kama miwili, rangi ya udongo, sikio moja limekatika ncha, alikuwa na siku tano tu kwangu. Jioni kijana wa bajaji kaleta gunia la mkaa, tukafungua geti lote aingie kinyumenyume, bajaji ikalipuka pah! kama inavyofanyaga ikiwa mbovu, na Tomi akapita katikati ya miguu yangu kama maji. Nikamkimbilia huku naita. Watoto wa mtaani wakaona mtu mzima anakimbiza mbwa wakafikiri ni mbwa mbaya nao wakafata, mmoja kaokota jiwe, na ndani ya dakika tano Tomi alishavuka lami, ile ile ya kwenda Tunduma yenye malori usiku na mchana. Mungu alisaidia tu hakugongwa. Ilinichukua siku nne kumpata na naamini kabisa kama ningekaa chini pale getini asingefika hata nyumba ya tatu.

Kwahiyo la kwanza ni hilo, kaa chini.

Najua miguu inataka kwenda yenyewe. Simama, halafu kaa chini kabisa, mgeuzie ubavu, usimkazie macho. Mbwa mwenye hofu akiona mtu anakuja mbio, hata awe ni yule anayempikia, yeye anaona kitu kikubwa kinamfukuza basi. Ila akiona hakuna anayemfata wengi wao wanasimama hatua kadhaa mbele na kugeuka kuangalia kulikoni. Hapo ndo pa kuanzia. Jifanye unakula kitu, chakarisha mfuko wa nailoni, dondosha vipande pembeni yako, ongea chini chini kama unaongea na mtoto anayesinzia. Kama nyumbani kuna mbwa mwingine mliyenaye ambaye wanapatana, mtu mwingine amlete taratibu akiwa kwenye kamba, mbwa anamwamini mbwa mwenzake haraka kuliko anavyotuamini sisi. Na geti liache wazi, liache wazi kabisa, watu wengi kwa kuchanganyikiwa wanafunga geti nyuma yao wakati mbwa mwenyewe alikuwa anataka kurudi ndani.

Kuna kitu kingine kinafanyaga kazi kwa mbwa ambao wameshaanza kukuzoea kidogo: kimbia wewe kuelekea ndani, mgeuzie mgongo, mwite kwa sauti ya furaha kama mnacheza. Anaweza kukufata. Kwa mbwa mwoga sana usijaribu.

Akija karibu ndo mahali watu wanaharibu. Usimrukie. Usinyooshe mkono juu ya kichwa chake kushika mkanda wa shingoni, mkono unaokuja juu kwa mbwa aliyewahi kupigwa ni fimbo. Mwache anuse, mwache ale, mkuno wa kwanza uwe chini ya kidevu au kifuani, halafu taratibu pitisha kamba. Ukimkosa mara moja kwa kumvamia, mara ya pili atasimama mbali mara tatu ya pale.

Ameshapotea machoni

Basi acha kuita. Hapa watu wananibishia sana ila sikiliza, mbwa aliyekimbia kwa hofu masaa mengi anaingia kwenye hali ambayo hamjui mtu yeyote, nimesikia za mbwa waliokimbia hata wenye nyumba waliowalea miaka. Ukizunguka mtaa mzima unapiga kelele "Tomi! Tomi!" wewe na watu kumi unamsukuma tu aende mbali zaidi na mahali alipopajua. Na kwa huku kwetu kwenda mbali maana yake ni lami, au shamba la mtu mwenye mbuzi, au mbwa wa mtaa mwingine wanaomsubiri.

Fanya hivi. Kumbuka ametokea upande gani na saa ngapi. Toa nje ya geti blanketi au gunia analolalia, lisifuliwe, na weka na nguo yako uliyovaa siku nzima. Pua ya mbwa sio pua yetu, upepo ukiwa mzuri harufu hiyo inamfikia mbali kweli. Halafu ndo uanze watu.

Kwenye watu mi nilianza na balozi wetu, halafu mwenyekiti wa mtaa, akaweka kwenye grupu la WhatsApp la mtaa picha na namba yangu. Wa muhimu kuliko wote lakini ni bodaboda. Hao wako kila kona toka alfajiri mpaka usiku mnene, wanaona kila kinachovuka barabara. Nilipita kijiwe kwa kijiwe toka pale njia panda ya Tukuyu mpaka kule mwisho, nawasalimia, nawaonyesha picha kwenye simu, na neno nililolirudia kila kijiwe ni moja, ukimwona usimguse usimkimbize, nipigie tu uniambie yuko wapi na anaelekea wapi. Ulinzi shirikishi nao waambie, wale wanatembea usiku saa ambazo mbwa wako ndo anatembea. Mama ntilie, wauza bucha, walinzi wa magodauni, kina mama wanaouza viazi barabarani. Watoto waambie kwa upole, usiwafokee, mi niliwakalisha wale wale waliokimbiza nikawaambia wanangu huyu mbwa anaogopa, mtu akimrushia jiwe hatorudi tena, nyie ndo macho yangu. Walinisaidia kuliko watu wazima, mmoja alikuja saa moja asubuhi kabla ya shule kunigongea kwamba kaona nyayo.

Karatasi za matangazo pia tulitoa kopi stationery, picha moja kubwa, maneno machache yanayosomeka na mtu aliye kwenye bajaji inayotembea: MBWA AMEPOTEA. USIMKIMBIZE. PIGA SIMU. Na namba. Watu watakushauri uandike zawadi, mi nasema hapana. Ukiandika hela, vijana kumi wataenda na kamba na mapanga kumsaka usiku kucha, wata­mfukuza mpaka Igawilo huko, na mwingine atakuletea mbwa aliyevunjika mguu anadai chake. Ukishampata mpe aliyekusaidia kimya kimya.

Mwambie pia daktari wa mifugo wa kata na ofisi ya mtendaji, hili usiliache kesho. Kuna vipindi inatangazwa mbwa wote wafungiwe na wanaozurura wanauliwa, kwa risasi au kwa sumu, ukiwa umeshatoa taarifa na una kadi ya chanjo mkononi angalau kuna mtu anajua huyo ana mwenyewe. Kadi ya chanjo ipige picha leo hii iwe kwenye simu.

Wapi pa kumtafuta

Mbwa aliyeogopa hatembei ovyo kama unavyodhani. Siku ya kwanza anakimbia, baadae anatafuta vitu vitatu, mahali pa kujificha, maji, na chakula, na kwa mwezi wa sita na wa saba huku nyanda za juu anatafuta na joto. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ule ubaridi wa alfajiri mnaujua, mbwa asiye na banda anaujua zaidi. Kwahiyo waza kwa akili ya anayesikia baridi. Mapagale yale ambayo hayajapauliwa, anajibanza kwenye kona ambayo upepo haufiki. Marundo ya mabua mashambani baada ya watu kuvuna mahindi, mbwa anachimba ndani yake kama kitanda. Majivu ya jiko la mama ntilie, wakishafunga usiku mbwa wote wa jirani wanakuja kulala juu yake. Na matanuru ya tofali, kipindi hicho cha kiangazi ndo watu wanachoma tofali, tanuru linakaa na joto siku nyingi.

Sasa mi nilizunguka makorongo siku mbili mchana kutwa, kumbe mchana ndo amelala. Mbwa wa hivi anatembea usiku sana na alfajiri kabla watu hawajatoka, na jua likizama. Siku ya tatu jioni nikapita kwa mzee mmoja anayelinda tanuru lake, nikamsalimia shikamoo mzee, akanijibu marahaba mwanangu, nikamwonyesha picha. Akaniambia, "Huyu si ndo anakuja hapa saa tisa usiku? Analala upande ule, kukicha simwoni." Siku mbili zote ametutazama tunapita hajasema kwa sababu hakuna aliyesimama kumuuliza. Kwahiyo ulizeni watu wanaokesha.

Kama uliyempoteza ni jike na yuko kwenye joto la kutaka dume, angalia madume ya mtaa yamejikusanya wapi. Yatakuwa yamemzunguka, na hapo fanya haraka maana kuna kung'atana.

Kituo cha chakula

Ukishajua anapita wapi usiende kumvamia, hata kama uko na watu wa kutosha. Muwekee chakula. Mahali palepale, saa ileile, kila siku. Hii inahitaji uvumilivu na ndo inayorudisha mbwa wengi kuliko mbio zote za duniani.

Chakula kiwe na harufu. Dagaa wa kukaanga na mafuta kidogo, maini ya kuchoma mpaka yananukia, vichwa na miguu ya kuku iliyochemshwa na ule mchuzi wake umwagie chini (mifupa ya kuku iliyoiva toa, inavunjika kama sindano). Usiweke nyingi, akishiba hana sababu ya kurudi kesho. Weka na maji. Tandika lile gunia lake pembeni. Nyunyizia majivu au udongo laini kuzunguka ili asubuhi uone nyayo, vinginevyo hujui aliyekula ni mbwa wako, paka wa jirani au kicheche. Kama una simu ya zamani inayorekodi video hata hiyo inasaidia, mtu akiifunga mahali salama.

Omba ruhusa kwa mwenye eneo. Mi yule mzee alinikubalia, akasema atakuwa anakohoa tu asimshtue.

Usiku wa kwanza nilikaa mbali, kama urefu wa kiwanja cha mpira, nimejifunga khanga mbili na koti, sijawasha tochi. Saa tisa na kitu kweli akaja. Alikuwa amekonda jamani, siku tatu tu, anachechemea mguu wa nyuma. Nilitamani kumwita. Sikumwita. Akala akalala palepale kwenye gunia lake na mimi nikalia kimya kimya huko nilipo. Usiku wa pili nikakaa karibu kidogo, chakula nikaweka katikati yetu, kingine kikaja upande wangu. Nikawa namrushia vipande vya ini bila kugeuka, vya kwanza mbali, vinavyofuata karibu, na nilikuwa napiga miayo, msicheke, mbwa wakitaka kuonyeshana hakuna ugomvi wanapiga miayo na kugeuza uso pembeni. Kama saa nzima hivi. Mwisho akaweka pua kwenye goti langu.

Kamba nilikuwa nayo tayari imelazwa chini, kitanzi kipana, kipande cha dagaa katikati. Alipoingiza kichwa kula nikavuta taratibu, sio kwa kushtua, ile kamba ya pamba nene inayoteleza yenyewe. Usitumie waya wala ile manila nyembamba, akijirusha inamkata shingo. Akajirusha mara mbili tatu, mi nikabaki nimekaa vilevile nashikilia, namwongelesha, akatulia. Mzee akakohoa.

Kama mbwa wako hakubali kabisa mtu, tumia geti au pagale lenye mlango. Siku ya kwanza weka chakula mlangoni, ya pili hatua moja ndani, ya tatu ndani zaidi, mpaka azoee kula kwenye kona ya mwisho. Mlango umefungwa kamba ndefu inayofika pale ulipojificha, vuta. Hakikisha unafunga kweli kabla ya siku hiyo, ujaribu mara nyingi bila yeye, maana ukimkosa hapo hutompata tena pale. Fundi welding anaweza kukutengenezea kizimba cha nondo chenye mlango wa kudondoka, ila usikiache bila mtu wa kukiangalia, mbwa akinasa usiku wa baridi asikae mpaka saa nne asubuhi.

Usimpe dawa za usingizi kwenye nyama. Nimeona watu wanashauri hili na linanikera sana. Mbwa hatolala palepale, ataondoka anayumba, atadondokea korongoni au barabarani, na akilala nje kwenye ubaridi wetu mwili unapoa anakufa. Dawa hizo ni za daktari wa mifugo akiwa yeye mwenyewe pale.

Akikung'ata

Hata mbwa mpole akibanwa anang'ata, na hapa sina mzaha kabisa. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, dakika 15 kwa saa sio kwa kukadiria, halafu nenda hospitali siku hiyohiyo ukaeleze umeng'atwa na mbwa. Hata ukwaruzo mdogo. Usipake pilipili, usibandike lile jiwe jeusi la kunyonya sumu, usisubiri uone kama mbwa ataumwa. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kwa mtu karibu hakuna anayepona, ila chanjo ikiwahi kabla ya dalili inaokoa, na ni sindano kadhaa kwa tarehe maalum, umalize zote. Mbwa mwenyewe asiuawe kwa hasira, afungiwe aangaliwe siku 10. Na kama mbwa uliyemfata anatoka udenda mwingi, sauti imebadilika, anang'ata miti na mawe au anatembea kama amelewa, achana na habari za dagaa, kaa mbali, ita watu wa mifugo.

Ndo maana mbwa wa kulea anatakiwa achanjwe akiingia tu kwako kama hana kadi, kuanzia umri wa miezi mitatu, na kila mwaka.

Akisharudi

Usimuogeshe usiku ule. Usimgombeze, hajui kosa lake ni lipi, yeye anachojua amekuja kwako. Mpe maji kidogo kidogo, chakula kidogo mara nyingi, tumbo lililokaa njaa likijazwa ghafla linasumbua. Mkaushe, muweke ndani kwenye joto. Asubuhi ndo umkague, katikati ya vidole vya miguu, masikioni kupe, chini ya mkia. Tomi alikuwa na kipande cha chupa kwenye nyayo na alama za meno begani, daktari akamsafisha na kumrudia chanjo kwa sababu hatukujua aliyemng'ata.

Halafu wiki mbili hakuna kutoka bila kamba, hata kwenda kujisaidia ndani ya uzio. Na kamba ziwe mbili, moja kwenye mkanda wa shingoni na nyingine kwenye mkanda wa kifuani, zote mkononi mwako. Mkanda wa shingoni vidole viwili viingie, visizidi, mbwa mwoga akirudi kinyumenyume mkanda uliolegea unatoka kichwani kama kofia. Namba ya simu andika kwa mashine au kalamu isiyofutika kwenye mkanda wenyewe, vile vibati vinadondoka.

Kwenye geti tuliweka uzio mdogo ndani, mbao na wavu wa kuku, hatua tatu toka geti kubwa. Anayeingia anafunga la kwanza kabla ya kufungua la pili. Gunia la mkaa sasa linashushwa nje. Wageni wakigonga Tomi anaingizwa chumbani kwanza ndo geti linafunguliwa, wageni wanasubiri, na shangazi yangu alikasirika kusubirishwa nje na baridi lile ila nilimwomba radhi akaelewa.

Tomi alikaa kwangu miezi miwili na nusu, akachukuliwa na familia moja Mafinga. Nilimpeleka mwenyewe kwa gari ya kuazima, na nilienda na lile gunia lake halijafuliwa, nikawaachia na mfuko wa dagaa, na nikawaonyesha namna ya kukaa chini ubavu. Mama mwenye nyumba alikuwa ananiangalia kama naongea mambo ya ajabu. Nikamwambia mama, wiki tatu za mwanzo mchukulie kama mbwa ambaye leo jioni atatoroka. Akamfungia kamba kiunoni kwake mwenyewe akawa anapika naye.